Ishirini kwa Dakika

Sista Chapuchapu ni mpangaji mwenzangu, mlango wa pili kutoka wangu, ghorofa ya tatu. Haya alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, na vingine nilivishuhudia. Jina la Chapuchapu alipewa na wagonjwa, na wala hakulichukia. Pale mapokezi ya dharura alikuwa anamaliza watu kumi wakati wenzake bado wako kwa wa sita. Kipimajoto kwapani, mkanda wa presha mkononi, kalamu kwenye fomu, haya mama nenda kakae benchi lile, anayefuata! Foleni nzima ilikuwa inamwombea maisha marefu.

Siri ya kasi yake ilikuwa sehemu moja tu ya fomu, ile ya pumzi kwa dakika. Kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kumkodolea mtu kifua huku umenyamaza, na kwenye foleni ya watu sitini dakika nzima utaitoa wapi? Kwa hiyo yeye aliandika ishirini. Mzee, kijana, mwenye homa, aliyevunjika mguu, wote ishirini. Na tusimwonee, hakuwa peke yake. Mwenzake wa zamu, bwana mmoja mnene waliyemwita Babu ingawa hata arobaini hajafika, yeye aliandika kumi na nane. "Wagonjwa wangu wana afya kuliko wako, dada," alikuwa anamtania. Wanacheka, kazi inaendelea.

Alhamisi moja, kwenye saa nne asubuhi, akaletwa Mama Chaki. Huyu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya hospitali, na sare za wauguzi wote alizishona yeye. Jina lilitokana na kipande cha chaki ya buluu ambacho hakikumtoka mkononi, hata sokoni alikwenda nacho. Siku hiyo alishikiliwa na binti yake. Pumu ilikuwa imembana tangu alfajiri. Alikaa ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi. Akiulizwa anatoa neno moja, anapumzika, anatoa la pili.

"Mama, sare yangu inanibana kwapani. Ukipona tu nakuletea," Sista alimwambia huku akimfunga mkanda wa presha.

Mama Chaki alijaribu kutabasamu. Akaitazama saa inayoning'inia kifuani kwa Sista, kisha akamtazama Sista mwenyewe usoni, akangoja. Sista akaandika ishirini. Mwenye ishirini anapewa kadi ya kijani, na mwenye kadi ya kijani anasubiri benchi.

Robo saa baadaye Sista alipita pale na trei. Ile filimbi imenyamaza. Mama wa watu kaegemeza kichwa ukutani, macho yamelegea.

"Afadhali ametulia," Sista alimwambia binti, akapita zake.

Na hapa ndipo panapomchoma mpaka leo, kwa sababu alisoma, tena alifaulu. Alijua kwamba mwenye pumu akinyamaza ghafla, hajapewa dawa, hiyo si nafuu. Ni kwamba hewa haipiti tena hata ya kupigia filimbi. Lakini mikononi alikuwa na trei na kichwani alikuwa na ile ishirini yake, na mwenye ishirini ni mtu asiye na neno. Binti naye, kwa kuambiwa mama ametulia, akamnywesha funda la maji. Mama Chaki akaanguka chini.

Walimkimbiza ndani. Daktari alimwinua kidevu, akambana barakoa usoni, akakamua puto la kusukumia hewa, kifua kikagoma kupanda. Akapitisha mpira kooni, bado. Saa tano haijagonga wakamfunika shuka.

Binti alimkuta Sista kwenye korido. Hakupiga kelele. "Sista, mama yangu ulimhesabu pumzi?"

Watu walikuwa wamesimama pale, mkuu wa wauguzi akiwemo. "Nilimhesabu," Sista akasema. "Dakika nzima."

Maneno hayo yakammaliza binti wa watu. Fomu inasema mama alifika anapumua vizuri, sasa kilichomuua nini? Maji. Binti ndiye aliyemnywesha maji yakampalia. Ndugu walimwambia hivyo msibani, mbele za watu, na yeye akaamini. Duka la cherehani likafungwa. Sista alisikia yote hayo, akayameza, akarudi kazini.

Jumatatu mfagizi alimwita. "Sista, njoo uone balaa hili. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa mafuta ya taa, haitoki."

Kwenye ubao wa benchi, palepale alipokaa Mama Chaki, kulikuwa na mistari midogo ya chaki ya buluu. Imesimama wima, imepangwa mafungu mafungu. Sista alipiga magoti akahesabu. Fungu la kwanza, mistari arobaini na minne. La pili, arobaini na mmoja. Yakaendelea kupungua kuelekea ukingoni. La mwisho lilikuwa na mitatu.

Mgonjwa alikuwa anajihesabia mwenyewe, fungu moja kila dakika, kwa kuwa hakuna aliyemhesabia.

Siku hiyo Sista aliapa kuhesabu. Akamshika mgonjwa wa kwanza, saa mkononi, dakika nzima. Ishirini. Sawa, inawezekana. Wa pili, ishirini. Kitoto chenye homa, mbavu zinabonyea kila kikivuta hewa, ishirini. Mlevi anayekoroma, ishirini. Akamvuta Babu pembeni.

"Nenda ukapande ngazi mara tatu, urudi mbio."

"Una wazimu?"

"Nenda."

Babu alirudi anatweta, shati limelowa. Sista akamhesabu. Ishirini.

Hakumwambia mtu. Nani angemwelewa? Akawa anawaomba wenzake wamhesabie wagonjwa wake, anasingizia macho. Usiku analala anageuka, anageuka. Alijua dawa ni moja, kwenda mtaa wa nyuma kumwambia binti ukweli. Alifika mpaka kona mara mbili akarudi. Aliogopa kufukuzwa kazi, na aliogopa macho ya yule binti zaidi.

Halafu mama yake mzazi, anayeishi naye hapahapa, akaanza kukohoa. Siku ya tatu, Jumapili mchana, akashindwa kunyanyuka kitandani. Mimi ndiye niliyesaidia kumshusha ngazi na kumfikisha hospitali. Nilimsikia mama wa watu anavyovuta hewa, na mimi si daktari, lakini nilijua hili si jambo la kungoja.

Zamu ilikuwa ya Babu. "Hesabu," Sista akamwambia. "Nakuomba, usiandike namba yako ile. Dakika nzima."

Babu alihesabu. Nilimwona akikunja uso. Akarudia. "Ishirini," akanong'ona.

"Tazama mbavu zake!"

"Naziona, dada. Naona kabisa anavyohangaika. Lakini nikihesabu napata ishirini."

Wakambana mama kile kipimo cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu. Vidole vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye maji, kikashindwa kusoma. Kioo kikaonyesha vistari vitupu. Daktari alitoka mbio, ana majeruhi wa ajali ndani na mtungi mmoja tu wa oksijeni uliobaki. Hakumtazama mama. Aliitazama fomu. "Ishirini? Huyu anaweza kungoja."

Kadi ya kijani. Benchi lilelile. Mama akakalishwa juu ya ile mistari, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

Akainama mbele. Mikono magotini. Kidole chake cha shahada kikaanza kuchora vistari juu ya ubao. Kimoja. Kingine. Kingine. Sista akamshika mkono kumzuia, na akaona ncha za vidole zina rangi ya buluu. Akazifuta kwa upindo wa kanga. Hazikufutika. Akatazama midomo ya mama. Nayo ilikuwa hivyohivyo.

Kidole kikapunguza mwendo. Mama akaegemeza kichwa ukutani.

"Afadhali," Babu akasema kwa upole, "naona ametulia."

Sista alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Akachomoa simu. Namba ilikuwemo, tangu enzi za sare. Aliweka sauti kubwa, benchi zima linamtazama.

"Mimi Sista wa mapokezi. Sikumhesabu mama yako."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nilidanganya. Sikumhesabu hata pumzi moja. Alipokaa kimya alikuwa anakufa, na mimi nikakwambia ametulia. Si maji yako. Unanisikia? Si maji yako. Ni mimi."

Halafu kwenye simu kukaanza mlio. Ta-ta-ta-ta-ta. Cherehani, inakimbia.

Sauti ya binti ikaja ndogo sana. "Sista... mimi niko nje ya duka. Nimelifunga kwa kufuli, ndani hamna mtu."

Cherehani ikasimama.

"Arobaini na sita!" Babu alipiga kelele nyuma yetu. Amepiga magoti mbele ya mama, saa mkononi, macho yamemtoka. "Arobaini na sita! Daktari! Leteni mtungi huo!"

Mama alipona. Wiki mbili wodini, nimonia ya mapafu yote mawili, lakini alirudi na miguu yake. Sista alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wauguzi akaeleza yote, akasimamishwa kazi miezi mitatu. Ndugu wa Mama Chaki walikwenda kumwangukia binti. Duka lilifunguliwa. Binti mwenyewe hajamsamehe Sista, na akikutana naye njiani anavuka upande wa pili. Sista anasema ana haki. Mistari ya benchi mfagizi aliifuta siku ileile ya simu, kwa kitambaa kikavu.

Siku hizi Sista anahesabu kila mtu dakika nzima, na anapata namba za kweli. Foleni inanung'unika, jina la Chapuchapu limekufa. Ila.

Siku moja maji yalikatika, akapandisha ndoo mbili mpaka juu bila kupumzika. Mama yake alikuwa kakaa mlangoni, akamtazama. "Mbona huhemi, mwanangu?"

Sista alitua ndoo. Akashika saa, akajihesabu. Ishirini. Akapanda na kushuka tena mbio. Ishirini. Akamwomba mama amhesabu akiwa usingizini. Ishirini. Na jioni akivua sare, sare mpya ya dukani ambayo Mama Chaki hakuigusa, ndani yake, upande wa mbavu, kuna mistari midogo ya chaki ya buluu. Anaifua, na kesho yake ipo tena. Ishirini, kila siku, miezi minane sasa.

Jana jioni alinibishia hodi. Alikuwa na sare mkononi, ameigeuza ndani nje. Alisema tangu asubuhi kifua kizito, akasema labda ni uchovu wa zamu.

"Nihesabie wewe leo," aliniambia. "Mimi naogopa."

Niliichukua nikaisogeza kwenye taa. Nikahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Nikarudia kutoka mwisho. Ilikuwa kumi na mmoja.

Akanitazama usoni, akangoja.

"Ishirini," nikamwambia.