Jina Lililorukwa

Haya yalimpata dada yangu Glenys, na mimi nilikuwepo. Ninayaandika kama nilivyoyaona, kwa sababu kila Krismasi kuna mtu katika ukoo wetu huyasimulia akayatia chumvi, na hayahitaji chumvi.

Ilikuwa Januari, shule zimefungwa, jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Tulikuwa tumeegesha karavani, kijumba chetu cha kukokotwa na gari, huko Port Callan, mahali petu pa kila kiangazi tangu utotoni, nyuma ya vilima vya mchanga, chini ya mikaratusi ambamo koala hulala kutwa nzima. Tulikuwa Glenys, mumewe Desmond, binti yao Tamsin wa miaka tisa, na mimi. Sikuolewa wala sikuzaa. Tamsin aliniita mama mdogo na kulala kitanda kilicho juu ya changu.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya karavani akila soseji ya jana, iliyopoa, na kidole gumba chake cha kulia kimekaa upande kama kawaida. Kiangazi kilichotangulia alikikata kwa gamba la chaza kwenye miamba ya ufukweni, Desmond akamfunga kwa soksi, na likabaki kovu lenye umbo la ndoana.

"Leo twende magofuni," Glenys alisema.

"Kuwasalimia jamaa zako?" Desmond akadakia. "Shemeji, ficha vijiko. Wakwe wanakuja."

"Aliiba shuka mbili tu, Des. Tena zilikuwa zimeanikwa nje."

"Mbili tu! Tamsin, umesikia? Ndiyo maana kila usiku unamvuta mama mdogo shuka. Siyo kosa lako, mwanangu. Ni damu."

Tamsin alicheka hadi soseji ikaanguka mchangani, na ndege mmoja akaichukua.

Mwizi wa shuka alikuwa Elias Trewin, babu wa mababu zetu, aliyeletwa kutoka Uingereza kwa meli, na minyororo miguuni, kuja kufyatua matofali ya bandari ya Port Callan. Bibi yetu hakuwahi kulitamka jina lake. Enzi zake, kuwa na mfungwa katika ukoo lilikuwa doa, na ukimuuliza tulitoka wapi angekwambia hatukutoka kokote. Siku hizi watu huwavaa wafungwa wao kama nishani. Glenys alikuwa amemgundua Elias mwaka ule, na aliona ni haki yake mzee yule kutajwa hadharani, angalau mara moja, na watu wa damu yake.

Magofu ya kambi ya wafungwa yako juu ya kilima kinachotazama bahari. Kangaruu hulala kwenye majani yake mchana kama ng'ombe wa mtu. Ukuta mmoja tu ndio uliobaki mzima. Kila tofali lake lina kishimo cha kidole gumba, kwa sababu kila mfungwa alibonyeza kazi yake kabla udongo haujakauka, ili msimamizi ajue nani kafyatua nini. Watoto wote hufanya jambo moja wakifika pale, na Tamsin alilifanya: alipita akiingiza kidole chake katika kila kishimo, akitafuta kinachomtosha.

"Hakuna changu," alilalamika. "Vyote vikubwa."

"Shukuru," Desmond akamwambia.

Kisha ukafika ule mwito wa majina ambao wageni huupenda. Bi Ottley, mama mnene wa pale mjini anayejitolea kuongoza wageni, akiwa amevaa koti jekundu la askari, alisimamisha watu uwanjani kwa mstari na kumpa kila mmoja jina la mfungwa. Anaita, unajibu "Nipo!" Wazee walijibu kwa sauti za kilevi, wake zao wakawapiga makofi ya mgongo. Katikati ya mwito Bi Ottley alinyamaza. Alitazama viatu vyake, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Kisha akaendelea.

Glenys akainua mkono. "Hapo uliponyamaza, ulimruka nani?"

"Mmoja alitoroka, mama. Huyo hatumwiti."

"Elias Trewin?"

"Aliyenifundisha kazi hii naye alimruka. Ndivyo tunavyofanya hapa."

"Ni babu yetu. Bibi yangu alimruka maisha yake yote. Inatosha, jamani. Mwite, binti yangu atajibu."

"Siwezi."

"Basi nitamwita mwenyewe."

Watu walicheka. Desmond alipiga mluzi. Bi Ottley alishika kifungo cha koti lake, akageuka kando. Dada yangu alisimama mbele ya mstari, akanyoosha mgongo, akaita kwa sauti yake ile nzuri ya kanisani:

"Elias Trewin!"

Tamsin alimtazama mama yake. Alitaka kumpendeza, hilo tu.

"Nipo!"

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Hawakuwa sisi. Ilitoka upande wa ukuta, pumzi ndefu ya watu wengi, kisha kishindo kizito cha chini, kama kundi lililosimama muda mrefu sana limeruhusiwa kuketi. Na chuma kikagusa ardhi.

Pale kwenye majani, kangaruu wote walikuwa wamesimama wima. Wote walimtazama Tamsin.

*

Alasiri tulikuwa ufukweni. Desmond alisikiliza kriketi redioni, Glenys alijipaka mafuta ya jua. Tamsin alikuwa mbali kidogo na maji, akijaza mchanga mbichi kwenye boksi la aiskrimu. Ghafla aliinuka akaja mbio.

"Unasemaje, mama?"

"Sijasema kitu."

"Umeniita."

"Sijakuita, mpenzi. Nenda kacheze."

Alirudi. Baada ya kitambo alikuja tena. Safari hii alisimama kwa adabu isiyo yake, mikono imenyooka ubavuni.

"Nipo," alisema.

"Najua upo," Desmond akamjibu bila kufungua macho. "Umenizibia jua."

Niliinuka nikaenda kuona alichokuwa akijenga. Hakikuwa kasri. Yalikuwa matofali ya mchanga, yamepangwa mstari mmoja ulionyooka hadi kwenye miamba, na kila moja lilikuwa limebonyezwa kidole. Nilipomwosha miguu jioni niliona duara jekundu kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto.

"Soksi hizo," Desmond alisema.

Tamsin alikuwa hajavaa soksi tangu tufike.

Asubuhi hatukumkuta kitandani. Tulimpata juu ya kilima, peke yake uwanjani, miguu mitupu, palepale aliposimama jana. Glenys alimkumbatia akimtikisa.

"Nani kakuleta huku?"

"Wewe. Uliniita kwa jina langu."

"Jina lako nani?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta kitu gizani. Midomo yake ilicheza, ikafungwa.

Tulimpeleka kwa gari hadi kwa Bi Ottley. Alifungua mlango akiwa na gauni la kulalia, akamwona Tamsin, akarudi nyuma hatua moja. Hakutukaribisha ndani.

"Nilichoambiwa ni hiki tu," alinong'ona. "Siku aliyotoroka, wenzake walisimamishwa uwanjani. Waliambiwa hakuna atakayeketi mpaka apatikane. Hakupatikana."

"Basi?" Desmond aliuliza.

"Basi jana akajibu."

"Nilifute vipi jibu lake?" Glenys alilia. "Nirudi nikaseme siyo yeye? Niseme nilikosea?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyewahi kumwita. Waondoeni watoto... mwondoeni mtoto wenu hapa. Mimi sijui kingine."

Alifunga mlango. Tulimsikia akiegemeza kiti kwa ndani.

*

Hatukurudi hata kufunga karavani. Desmond aliendesha, Glenys akakaa mbele amegeuka nyuma, akisema jina la mwanawe bila kupumzika. Tamsin. Tamsin. Tamsin. Nyuma nilikaa mimi na mtoto. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia, vidole ndani ya vidole. Nililisikia lile kovu kwenye kiganja changu. Bahari ilianza kufichwa na miti, na Tamsin akaniambia polepole, "Mama mdogo, nina kiu," na Glenys akalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa amenitambua.

Baada ya kona ya mwisho ya mji tulimkuta kangaruu jike aliyegongwa, amelala kando ya barabara.

Waliokulia kwetu watanielewa. Hupiti. Umechelewa, una mgonjwa, una maiti garini, hupiti jike aliyegongwa kabla hujasimama na kutazama kama mfukoni mwa tumbo lake kuna kitoto kinachopumua. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Mguu wa Desmond ulikanyaga breki wenyewe.

"Des, usisimame," nilisema.

"Sekunde tu."

Alishuka, akapiga goti, akatia mkono mfukoni. Akageuka uso ukimng'aa. "Glenys! Kizima! Lete taulo!"

Glenys alinitazama. Niliinua mkono wa Tamsin nikamwonyesha kwamba nimeushika. Alichukua taulo la ufukweni, akashuka.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Milango ilikuwa imefungwa. Niliwaona wote wawili kupitia kioo cha mbele, vichwa vyao vimekaribiana juu ya taulo. Nilikuwa nikimtazama dada yangu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nataka hili lieleweke. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Sauti yake ilitoka nyuma ya gari, kutoka kilimani.

"Elias Trewin!"

Nilimkumbatia mtoto kwa mkono mwingine. Nilimziba mdomo kwa bega langu. Nilimbana kwa nguvu zangu zote.

"Usijibu," nilimwambia. "Tamsin. Usijibu."

Nilisikia joto la pumzi yake kwenye bega.

"Nipo."

Bega likapoa.

Mkono wangu ulikuwa bado umefumba. Haukufumbata tena vidole. Niliufungua. Ulikuwa umejaa udongo wa mfinyanzi, mwekundu, mbichi, unaochuruzika maji. Mkanda wa kiti ulikuwa bado umefungwa kwenye kiti kitupu.

Glenys alikuwa anarudi garini akitabasamu, kifurushi cha taulo kifuani.

*

Polisi walileta mbwa. Wapiga mbizi walishuka baharini, watu wa mji walitembea porini wameshikana mikono. Nilihojiwa hadi nikakauka koo. Nilisema niliyoyaandika hapa, na wakaandika mengine. Hakupatikana hata kiatu. Kitoto cha kangaruu kiliishi. Glenys alikilea ndani ya foronya iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha Tamsin, akakinywesha maziwa kila kilipolia, na kilipokomaa alikiachia porini bila kukipa jina.

Desmond hakurudi Port Callan tena. Glenys na mimi hurudi kila Januari. Bi Ottley aliacha kazi, na sasa anayeongoza ni kijana aliyetoka mji mwingine; huita majina yote bila kunyamaza popote, na anapofika kwa Elias Trewin wageni hucheka na kupeana zamu ya kujibu. Hakuna linalowapata. Nafasi imejaa.

Kiangazi cha kwanza baada ya hapo, Glenys alipita kando ya ule ukuta akiingiza kidole chake katika kila tofali, kama watoto wafanyavyo. Nilimwacha. Chini kabisa, karibu na majani, alisimama. Aliniita bila kugeuka.

Tofali lilikuwa la zamani kama mengine, limemea kuvu, chokaa yake haijaguswa. Kishimo chake kilikuwa kidogo. Ndani yake, udongoni, ulikuwepo mstari uliopinda kama ndoana.

Mtaalamu wa majengo tuliyemleta alisema tofali lile lina umri sawa na ukuta na halijawahi kutolewa. Alisema pia kwamba watoto walifanya kazi kama hiyo zamani zile. Alisema pole.

Jikoni kwa Glenys kuna fremu ya mlango yenye mistari ya penseli, urefu wa Tamsin kila siku yake ya kuzaliwa. Mistari iliishia chini ya kitasa cha juu. Dada yangu aliendeleza kipimo ukutani kule. Kila Januari hupiga magoti akaweka kidole gumba chake katika kile kishimo. Mwaka wa kwanza ncha tu ndiyo iliingia. Baadaye kiliingia hadi kwenye kucha. Kuna mwaka kilimtosha sawasawa, na siku hiyo alikaa pale mpaka lango likafungwa, nami nikamshika mkono tukashuka.

Juzi tumetoka huko. Kovu limetanuka, limekuwa pana kama makovu ya utotoni yanavyokuwa kwa mtu mzima. Glenys aliweka kidole chake, akakizungusha, akanitazama.

Kilikuwa kinapwaya.