Viatu vya Doha

Siku ile mjinga alikuwa Dineshan, na hata leo ukimuuliza hakatai. Nani tena hukimbia kwenye tope la mpunga na viatu vyeupe vya safari?

Simu ndiyo iliyomponza. Rafiki yake Biju alimpigia:

"Wewe unafunga mabegi ya Doha, Prasanna wako yuko shambani kwa Mwalimu Varkey na mtoto wa mwalimu, wanacheka mpaka jino la mwisho!"

Akafika anahema, tope magotini.

"Prasanna! Mimi nakwenda Uarabuni kubeba matofali miaka mitano ninunue shamba, nikuoe kwa heshima, na wewe ndiyo hivi?"

"Hivi vipi?"

"Na huyu!" Akamnyooshea kidole mtoto wa mwalimu.

Nyuma ya migomba wakachomoza wanawake tisa na majembe yao. Mama Kalyani, kiongozi wao, akaangua kicheko.

"Mwanangu, kama ni fumanizi, basi umetufumania wanawake kumi."

Jijo, mtoto wa mwalimu, akainua karatasi.

"Kaka, shamba hili limelala miaka saba. Baba aliogopa kukodisha, asije mpangaji akaling'ang'ania likawa lake, kama yalivyomkuta babu. Hawa wameleta mkataba wa msimu mmoja mmoja, wenye mhuri wa halmashauri. Kila magunia manne, moja letu."

"Na mbegu?" Dineshan akauliza.

"Mkopo wa kikundi," akadakia Mama Kalyani. "Tunadhaminiana wenyewe. Tulichokosa ni dereva wa trekta. Prasanna anasema anamjua mmoja, ila kichwa kigumu," akamalizia, akimkazia macho Dineshan.

Prasanna hakucheka.

"Asubuhi nilikuandikia. Umesoma?"

Dineshan akatoa simu. Ujumbe ulikuwepo, haujafunguliwa: *"Nimepata shamba. Usiende."*

Moyo ukayeyuka kama samli, lakini kiburi cha mwanamume hakifi kwa pigo moja.

"Baba yako je? Si alisema hamwozi bintiye kwa mtu asiye na shamba?"

"Baba ndiye aliyetupimia mipaka juzi. Amesema anayelima ana shamba."

"Lakini Prasanna, shamba lenyewe si letu!"

Prasanna akamtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka kwenye vile viatu.

"Hata mimi bado si wako. Mbona umekuja kunigombania?"