Bi Pindo Achagua Programu ya Wimbo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bi Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na pindo lake halikufumuka hata nguo ikichakaa. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kompyuta ya zamani aliyoachiwa na binti yake. Humo aliandika vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Kila asubuhi Bi Pindo alishona huku akiimba. Wimbo ulikuwa uleule, na haukuwa na maneno. Mama yake aliutunga zamani akifua nguo. Akawafundisha mabinti zake wawili, waliokuwa mapacha. Dada mtu, aliyetangulia kuzaliwa kwa robo saa, alipewa sauti ya juu. Bi Pindo akapewa ya chini.

Sasa mama hakuwepo tena duniani. Dada alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili. Bi Pindo alibaki na sauti ya chini peke yake, kama bitana isiyo na koti.

"Huo wimbo wako mbona hauna kichwa?" mteja mmoja alimtania.

"Kichwa chake kiko ng'ambo," alijibu, akaendelea kushona.

Jumapili moja alimpigia dada yake simu. Wakajaribu kuimba pamoja. Lakini sauti ya simu ya mbali huchelewa kidogo njiani. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Wakagongana. Wakaanza upya, wakagongana tena.

"Unaniburuta," dada alisema.

"Wewe ndiye unayekimbia."

"Mdogo wangu, nikuambie kweli. Naanza kuusahau. Juzi niliuimba jikoni, nikafika katikati, pakanipotea. Nilisimama na mwiko mkononi kama mgeni aliyepotea njia."

Sauti ya juu alikuwa nayo dada yake tu. Ikimtoka yeye, imetoka duniani.

Kesho yake alifunga kazi mapema, akabeba kompyuta mpaka kwa muuza kompyuta.

"Nataka programu ya muziki," alisema.

Muuzaji hakumwuliza neno. "Nitakuwekea hii. Wakubwa wa studio wote wanatumia hii. Ni ya kulipia, lakini yangu imevunjwa kufuli. Wewe utaitumia bure."

Bi Pindo alisikia neno "bure" akafurahi. Lakini wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Alipoifungua nyumbani, aliona vitufe vingi kuliko vifungo vyote vya kwenye kopo lake. Hakujua abonyeze kipi. Kompyuta ilipata moto, ikapunguza mwendo, ikaganda. Siku ya tatu ikaanza kufungua matangazo yenyewe. Alipotafuta vipimo vya wateja, faili likakataa kufunguka.

Mwalimu wa kwaya alimkuta hivyo, ameketi, mikono imelala mapajani. Mwalimu alikuwa mama mwembamba wa nyumba ya pili. Alikuja kuchukua sketi yake.

"Cherehani imekugomea, jirani?"

"Cherehani haijawahi kunigomea. Ni hili dude." Akamweleza yote, tangu simu ya dada mpaka faili la vipimo.

Mwalimu aliisahau sketi. Aliifuta ile programu. Kisha akaweka programu ya kusaka virusi, akaiacha ifanye kazi yake. Ilipomaliza, vipimo vingine vilipona, vingine havikupona.

"Mteja akiingia hapa," Mwalimu alisema, "unamwuliza nini kwanza?"

"Anataka nguo gani. Na ataivaa wapi."

"Yule muuzaji alikuuliza?"

"Hakuniuliza."

"Basi nakuuliza mimi. Unataka programu ikufanyie nini?"

Bi Pindo alitazama mikono yake. "Namtaka dada yangu," alisema.

Mwalimu hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi karibu. "Hilo programu haiwezi, mwenzangu. Lakini inaweza kuuweka wimbo mahali ambapo nyote wawili mtaufikia."

Akaanza kumweleza taratibu. "Programu za muziki ziko nyingi. Tutazame aina mbili zinazokuhusu. Moja ni ya kurekodi. Unaimba, inaishika sauti yako. Dada yako anaisikiliza masikioni huku anaimba ya kwake. Halafu programu inaziunganisha zote mbili. Nyingine ni ya kuandika nota. Unazipanga nota kwenye mistari, na kompyuta inakupigia, usikie kama umekosea. Ukimaliza unachapisha karatasi."

"Ipi bora?"

"Mkasi na sindano, kipi bora?"

Bi Pindo alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Inategemea kama nakata au nashona."

"Umejibu mwenyewe. Wewe na dada yako, nani anajua kusoma nota?"

"Hakuna."

"Basi anzeni na kurekodi, maana dada anasahau na siku hazingoji. Nota tutaandika baadaye. Sasa tutazame kompyuta yako. Hii ni ya zamani. Haiwezi kubeba programu nzito. Kabla ya kuweka programu, soma inahitaji kompyuta ya namna gani. Ukiona yako haifiki, tafuta nyepesi."

"Na hiyo nyepesi, si nitailipia?"

"Si lazima. Zipo programu nzuri ambazo watengenezaji wenyewe wameruhusu zitumike bure. Unazipakua kwenye tovuti yao, si kwa mtu wa njiani. Na nyingi za kulipia, wanakuacha ujaribu siku kadhaa kwanza. Ile uliyowekewa ni ya wizi. Ya wizi huingia ndani na wageni wake."

"Wageni wamekula vipimo vyangu," Bi Pindo alisema.

"Ndiyo maana, kuanzia leo, kila kitu weka nakala mbili. Moja ndani ya kompyuta, nyingine nje yake."

Walipakua programu ndogo ya kurekodi. Vitufe vyake vikubwa vilihesabika: kurekodi, kusimamisha, kusikiliza, kuhifadhi. Mwalimu alifunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie. Akamvalisha hedifoni. Ndani yake mlikuwa na mdundo mdogo wa kuhesabu mapigo, tik, tik, ili asikimbie wala asichelewe.

Bi Pindo aliimba mara tano. Mara ya nne sauti ilikatika, naye akaomba maji. Ya tano ilinyooka. Wakaihifadhi katika aina ya faili ambayo hata simu inaifungua, maana hawakujua dada ana kompyuta gani. Wakamtumia pamoja na maelezo: sikiliza kwa hedifoni, imba, jirekodi, rudisha.

Siku nne zikapita bila jibu. Bi Pindo alishona kola mbili upande usio wake, akafumua. Kila simu ilipolia aliiacha nguo chini ya sindano.

Siku ya tano sauti ya dada ilifika.

Mwalimu aliiweka juu ya ile ya Bi Pindo, akasogeza kidogo mpaka mapigo yakakutana. "Tayari," alisema. Akainuka, akaenda kusimama mlangoni, akimpa mgongo.

Bi Pindo alibonyeza. Sauti ya dada ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na mkwaruzo ambao hakuwahi kuusikia. Lakini ilipanda palepale pa kupanda, ikashuka palepale pa kushuka. Katikati haikupotea. Wimbo ulikuwa mzima, baada ya miaka ishirini na miwili. Aliusikiliza mpaka mwisho, akaurudia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Jioni alipiga simu. "Mbona hukusahau?"

"Nilipofika pale pagumu," dada alisema, "nilikusikia uko chini yangu. Mguu ukajua pa kukanyaga."

Bi Pindo alicheka, na dada akacheka baada yake. Kicheko cha mbali nacho huchelewa kufika.

Baada ya hapo Mwalimu alimfundisha programu ya kuandika nota, nayo ya bure, nayo nyepesi. Walifanya kazi kila alasiri, muda wa wiki tatu. Bi Pindo aliimba, Mwalimu alimwonyesha nota ikae mstari gani. Kompyuta ikapiga. Mahali walipokosea, Bi Pindo alikunja uso kabla Mwalimu hajasikia. Mwalimu alimfundisha pia kuhifadhi nakala katika aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingine. "Programu huja na kwenda," alisema. "Wimbo usiondoke nayo."

Wakachapisha. Kwaya ya Mwalimu ilijifunza wimbo ule, watu ishirini na saba, wakaurekodi, wakamtumia dada. Dada alijibu maneno mawili: "Tuma tena."

Lakini hamu haiishi kwa kulishwa mara moja. Asubuhi moja Bi Pindo alijikuta anaimba kitu kipya, ambacho mama yake hakukifundisha. Aliacha kushona, akafungua programu ya nota. Safari hii Mwalimu hakuwepo. Aliandika peke yake, nota kwa nota, akisikiliza, akifuta, akiandika tena, mpaka mteja akaja kugonga mlango. Aliandika sauti ya chini tu. Mstari wa juu aliuacha mtupu, akautuma kwa dada.

Ng'ambo nako dada alikuwa ameiweka programu ileile, akifundishwa na bintiye. Wiki ya pili faili lilirudi. Mstari wa juu ulikuwa umejaa. Chini yake dada alikuwa ameandika: "Umeanza juu mno, nimeshusha. Mimi ndiye mkubwa."

Bi Pindo alisoma, akacheka peke yake, akabonyeza kitufe cha kupiga.