Kioo cha Mbele cha Kamyoneti ya Papa Hippolyte

«Wananchi wote wa mji wa Kalemie wanatangaziwa kwamba kengele ya ofisi, ambayo tangu zamani imekuwa ikipigwa saa moja kamili asubuhi, sasa itapigwa saa moja na dakika tano, kwa sababu mpigaji wake amehamia mtaa wa mbali. Kila mmoja anaombwa kupanga maisha yake kulingana na badiliko hili.»

Hivyo ndivyo mtangazaji alivyosoma kwa kipaza sauti asubuhi moja ya Jumamosi, katika miaka ile nchi ilipoitwa Zaire. Émérence, msichana wa darasa la sita, alimsikiliza huku akigeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ili wakauke vizuri juu ya mchanga. Kazi hiyo aliifanya kila asubuhi pamoja na mama yake, Mama Julienne. Hakupanga upya maisha yake. Nyumbani kwao kulikuwa na jambo kubwa zaidi: baba yake, Papa Basile, alitaka kununua gari.

Sababu yake ilieleweka. Ndagala wake waliuzwa Nyunzu, na treni ya kuwapeleka huko ilikuja ilipotaka. Mvua ilipowahi kufika stesheni kabla ya treni, magunia yaliloa na samaki wakaoza. Kwa hiyo Papa Basile alikuwa amekubali kumuuzia mvuvi mwenzake nyavu zake zote na mtumbwi wake, ili apate bei ya gari. Gari likiwa bovu, familia ingebaki bila gari, bila nyavu na bila mtumbwi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Gari lenyewe lilikuwa kamyoneti ya kijivu, mali ya Papa Hippolyte, mfanyabiashara mwenye maneno mengi. Wakati ule, kila gari lililopita ukaguzi wa mwaka lilipewa karatasi ndogo ya kijani iitwayo vinyeti, ikabandikwa kwa ndani kwenye kioo cha mbele. Watu wa Kalemie walipotaka kununua gari la zamani, walisimama mbele yake na kuhesabu vinyeti. Safu isiyo na pengo ilimaanisha gari zima. Hawakuangalia kitu kingine. Walikiamini kioo kama vile kioo ndicho kitakachobeba magunia.

«Hesabu mwenyewe, Papa Basile!» alisema Papa Hippolyte. «Hakuna mwaka hata moja umekosa. Gari hii njo imefaulu mitihani kuliko sisi wote.»

Papa Basile alihesabu, akarudia kuhesabu, akaridhika. Kisha wote wanne, pamoja na Mama Julienne na Émérence, wakajibana katika kiti cha mbele ili kulijaribu gari. Papa Hippolyte aliendesha polepole katika barabara ya tambarare iliyo kando ya ziwa. Injini iliunguruma vizuri. Papa Basile alianza kutabasamu.

Émérence alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye magunia ya unga. Akiwa ndani ya gari, aliona upande wa nyuma wa vinyeti, ambao wanunuzi waliosimama nje hawakuuona kamwe. Kwenye kila moja mkaguzi alikuwa ameandika kwa wino namba ya gari na kazi ya gari hilo. Papa Hippolyte hakuwa amejisumbua kuyafuta maandishi hayo. Aliamini kwamba hakuna atakayeyasoma, na mpaka siku hiyo hakuwa amekosea.

«Papa,» alisema Émérence, «namba ya plake tuliyoona nje inamalizika na saba na moja. Hapa wameandika tisa na mbili. Zote ni tisa na mbili. Na wameandika gari la wagonjwa, Moba.»

«Ee! Mutoto huyu anasoma mpaka mugongo ya karatasi!» alisema Papa Hippolyte. «Hizo njo namba za ofisi, wewe. Soma vitabu vyako.»

«Émérence, nyamaza,» alisema Papa Basile. «Unanipatisha haya mbele ya muntu mukubwa.»

Lakini Mama Julienne alikuwa amesikia, naye alikuwa ameanza kusoma kimyakimya, karatasi baada ya karatasi.

«Papa Hippolyte,» alisema kwa upole, «tupande kwanza pale juu kwenye kilima, kisha tushuke.»

«Mafuta ni kidogo, Mama.»

«Basi Jumatatu tupite kwenye biro ya kontrole, pale wanapokagua magari. Iko pale pale, karibu na soko.»

«Mama, munataka kununua gari ao munataka kuioa?»

«Muntu akija kuoa kwetu, tunauliza mpaka babu yake alikufa na ugonjwa gani,» alijibu Mama Julienne. «Na yeye anachukua mutoto moja tu. Gari hii itatubeba sisi wote.»

«Jumatatu,» alisema Papa Basile.

Jumatatu Papa Hippolyte alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, kwa kuwa kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Mkaguzi, Papa Pascal, alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Alipoiona kamyoneti, alisimama pale pale mlangoni.

«Hii tena?» aliuliza. «Niliikataa mwaka uliopita. Na mwaka wa kabla yake niliikataa pia.»

Gari likasukumwa juu ya shimo la ukaguzi, na Papa Basile akaitwa ashuke aone kwa macho yake. Bomba la kupeleka mafuta kwenye breki za nyuma lilikuwa limekatwa, na ncha yake imekunjwa kwa koleo. Fremu ilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa lami na kufunikwa na bati la kopo la maziwa.

«Freni ya nyuma iko wapi?» aliuliza Papa Basile.

«Hakuna.»

«Hakuna namna gani?»

«Hakuna, Papa. Pale juu ya kilima mungejua.»

Papa Basile alipanda kutoka shimoni. Alisema, kama mtu anayesimulia kosa la mtu mwingine, kwamba katika safari ya kwanza alikuwa amepanga mkewe akae mbele, na Émérence akae nyuma juu ya magunia. Mama Julienne aliketi chini kwenye vumbi, akiwa amevaa kikwembe chake kipya. Kuwa sahihi hakukumpa Émérence furaha yoyote.

«Na kioo?» aliuliza Mama Julienne.

«Ni cha gari la wagonjwa la misheni, lililopinduka njia ya Moba,» alisema Papa Pascal. «Kioo tu ndicho kilipona. Kuna aliyekinunua.»

Wote walimgeukia Papa Hippolyte. «Mimi nauza gari,» alisema. «Siuzi historia yake.» Akapanda gari lake, akaondoka polepole sana.

Papa Basile alimkazia macho mkaguzi. «Papa Pascal, ulijua. Mbona hukusema?»

«Muliniuliza? Biro iko wazi kila siku ya kazi. Munapita hapa mbele na vikapu vyenu. Tangu nianze kazi, hakuna muntu aliingia kuuliza gari gani limepita na gani limekataliwa. Na kuuliza ni bure.»

Huo ulikuwa mshtuko wa pili, nao ulidumu kuliko wa kwanza.

Walipofika nyumbani, Papa Basile alimwita binti yake mbele ya mama yake. «Ulisema kweli, nami nikakunyamazisha,» alisema. «Niliogopa kumuudhi muntu ninayemujua kidogo, nikakaribia kuwaua wale ninaowajua sana. Sikiliza vizuri. Kabla ya kununua kitu cha zamani, uliza kilikotoka, na usimuulize yule anayekiuza peke yake. Waulize waliokikagua. Muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu.»

Wiki chache baadaye walinunua kamyoneti nyingine, iliyochakaa zaidi machoni, kutoka kwa Mama Bertille, mjane wa mwenye duka. Katika safu yake ya vinyeti kulikuwa na mapengo mawili. Mama Bertille aliyaeleza kabla hajaulizwa: mwaka mmoja gari lilikosa matairi, na mwaka mwingine lilikataliwa kwa sababu ya taa, ambazo alizitengeneza. Papa Pascal alithibitisha yote mawili. Ndagala wakafika Nyunzu wakiwa wakavu.

Kuhusu kamyoneti ya kijivu, Mama Julienne alipeleka malalamiko kwa wakuu. Wakuu walikutana, wakajadiliana asubuhi nzima, na uamuzi wao ukapigiliwa misumari kwenye mlango wa biro ya kontrole, juu kidogo kuliko macho ya watu wengi:

«Kwa kuwa imeonekana kwamba vinyeti za gari moja zinaweza kukutwa kwenye gari lingine, imeamuliwa kwamba, kuanzia mwaka ujao, vinyeti zote zitakuwa za rangi ya manjano. Uamuzi huu unaanza kutumika mara moja.»