Kaswera na Kidirisha Chekundu

Kila siku baada ya shule Kaswera alifagia studio ya baba yake, Xavier, mpiga picha aliyehamia Bwera kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Lakini wiki hiyo ya mwaka 1968 kazi ilimzidi umri. Baba alikuwa ameanguka na baiskeli, mkono umefungwa plasta, na Jumamosi binamu Elise angeolewa kule Munkunyu. Kaswera, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye angepiga picha. Kamera yenyewe ilikuwa ngeni kwa wote wawili: sanduku zito lenye macho mawili, walilouziwa na fundi wa mgodi wa Kilembe aliyekuwa akihama. Filimu zake zilikuwa mbili tu.

Kamera yao ya zamani ilijisimamisha yenyewe kila baada ya picha. Kwa hiyo Kaswera alitia filimu ya kwanza, akazungusha kitasa akingoja kikwame. Hakikukwama. Alizungusha mpaka filimu yote ikahamia upande wa pili bila picha hata moja. Angeweza kunyamaza, lakini alimfuata baba uani, macho chini.

"Papa, niliharibu filimu moja."

Xavier alikasirika, na uso wake haukuficha. Kisha akasema, "Basi leta hiyo yenye iliharibika. Itatufundisha."

Waliikunja upya, wakaitia kamerani bila kufunga mgongo. Kaswera alipozungusha pole pole, aliona namba kwenye karatasi iliyo nyuma ya filimu: moja, mbili, tatu. Walipofunga mgongo, namba zile zile zikachungulia kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni walichodhani ni pambo tu. Kumbe ndicho kilichoonyesha mahali pa kusimama! Kwa siku tatu Kaswera alirudia mpaka vidole vikazoea: vuta kijiti cha kukazia mtambo, piga, zungusha, tazama namba.

Kamera hiyo ilitazamwa kutoka juu, kwa hiyo harusini wakwe wa Elise walimtania, wakauliza kama anapiga picha au anajitazama tumbo. Kaswera aliendelea kuinamia sanduku lake.

Jumapili walisafisha filimu, baba akielekeza. Kaswera aliiinua kwenye mwanga, akahesabu picha kumi na mbili, zote safi. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

"Ungenificha," baba alisema, "tungeenda Munkunyu na ujinga yetu yote, na Elise angekosa picha ya harusi. Ulisema kweli mapema, ndiyo maana tulipata siku tatu za kujifunza. Sasa kamera ni yako, mutoto yangu."