Mkataba wa Daktari Ipsita

Mlango wa Daktari Ipsita Rath ulikutwa wazi asubuhi ya Jumatatu, wagonjwa wakiwa wamejaa barazani na daktari hayupo. Kufika saa tatu, Dumagura nzima ilikuwa imeshakata shauri: bingwa wa upasuaji ametoroka mkataba.

Inspekta Tulabati Khora aliingia chumbani peke yake. Sanduku la nguo lilikuwa chini ya kitanda. Jikoni kulikuwa na sufuria ya wali uliolowekwa maji, umefunikwa vizuri, wa kuliwa asubuhi hiyo. Kilichokosekana ni mkoba mweusi wa dharura.

“Mtu anatoroka anaacha nguo, anabeba bandeji?” alimuuliza mganga mkuu, Daktari Golak Baliarsingh.

“Afande, huyu binti humjui. Aliongoza mgomo kule mjini kupinga huu mkataba. Ukisomea ubingwa serikali inakushika miaka miwili vijijini, na vyeti vyako inavikalia. Tangu afike tunagombana kila siku. Mara dawa hakuna, mara umeme hakuna!” Akamnyooshea simu yake. “Soma mwenyewe. Umeingia alfajiri.”

Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Ipsita: *Nimechoka kufungwa kama mbuzi. Natoroka mkataba wenu. Msinitafute.*

“Umefurahi, daktari?”

“Nimepumua. Sikatai.”

“Ulikuwa wapi jana usiku?”

“Wodini, na manesi wawili. Unanishuku mimi?”

“Nashuku kila mtu aliyepumua. Mkataba wake umebakiza muda gani?”

Baliarsingh alihesabu miezi kwa vidole.

“Uliisha mwezi jana,” alisema polepole. “Nilimpa vyeti vyake kwa mkono wangu. Akaniambia anabaki. Akaniapisha nisimwambie mtu, wenzake wa mgomo wangemcheka.”

“Sasa anatoroka nini?”

Mganga mkuu aliusoma ule ujumbe tena. “Mungu wangu. Nilisoma nikafurahi. Sikufikiri.”

“Huu ujumbe umemwonyesha nani?”

“Wewe tu.”

Basi aliyeuandika alidhani daktari bado amefungwa na mkataba. Tulabati alijua nani angependa Ipsita asionekane wiki ile. Kesho yake mahakama ilikuwa isikilize kesi ya Budra Muduli, kibarua aliyefia kwenye machimbo ya mawe ya Rasananda Samantray. Tajiri alisema kibarua alilewa akaanguka bondeni. Ipsita aliyepasua maiti alisema ni baruti, na hakukubali kubadilisha hata neno.

Samantray aliwapokea Tulabati na askari wake wawili machimboni kwa chai na kicheko.

“Karibu, dada afande! Nasikia mmekimbiwa na daktari.”

“Ndiyo hivyo. Hata hatujui kwa nini.”

“Kwa nini tena? Mtoto wa mjini yule, bado anadaiwa mwaka mzima huku porini. Si kasema mwenyewe amechoka kufungwa kama mbuzi?”

Tulabati aliweka kikombe mezani. “Kamwambia nani?”

“Watu wanasema.”

“Watu gani? Maneno hayo yako kwenye simu moja tu, na mwenye simu hajaionyesha kwa mtu ila mimi.”

Kicheko kilikauka. “Dada, tusigombane. Mimi na bwana mkubwa wako tunakula pamoja.”

“Mtakula pamoja ukitoka ndani. Na mimi si dada yako. Humu machimboni mlango wenye kufuli ni mmoja tu. Lete ufunguo wa ghala la baruti.”

“Huna kibali!”

“Nina mtu amefungiwa juu ya baruti. Lete, au nivunje.”

Walimkuta Ipsita kati ya makasha, mikono imefungwa kamba, midomo imepasuka kwa kiu, mkoba wake mweusi kando. Alikunywa maji, akakohoa, akasimama kwa kushika ukuta.

“Watu wake walikuja usiku na gari,” alisema. “Eti kibarua kaangukiwa na jiwe. Nikapanda. Wakanipora simu njiani.”

“Nilitaka ukae humu hadi kesho ipite tu!” Samantray alipiga kelele, akiwa ameshatiwa pingu. “Bila wewe lile neno ‘baruti’ lingefutika, na machimbo yasingefungwa. Watu mia wanakula hapa!”

“Na mke wa Budra anakula wapi?” Ipsita alimjibu.

“Wewe si uliandamana hutaki kuja huku? Serikali ilikuburuza! Ukitoroka nani angeshangaa?”

“Mkataba umeisha mwezi jana, bwana,” alisema Tulabati.

Samantray alimkodolea macho daktari kama anayemwona kwa mara ya kwanza. “Umeisha? Sasa unabaki Dumagura kufanya nini? Nani kakushika?”

“Hakuna,” alisema Ipsita. “Ule mkataba niliupinga na bado naupinga, kwa sababu mtu haburuzwi. Wewe nawe umenifunga kamba ukidhani nitaburuzika. Mimi hapa nimekaa kwa kupenda, na nitaondoka siku nikipenda.”

Akamgeukia inspekta. “Afande, kesho mahakama inafunguliwa saa ngapi?”

“Saa nne. Lakini leo ukalale, uko hoi.”

“Nitalala kesho, nikishasema mahakamani,” alijibu, akatoka juani bila kushikwa mkono.