Kazi Iliyobaki Kwenye Kioo cha Pili

Mfasiri alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kochi na dirisha la sebule. Zamani kompyuta yake ilikuwa na kioo kimoja. Alifungua maneno ya kigeni, akayasoma, akarudi kwenye ukurasa wake kuandika. Kutwa nzima nenda rudi, nenda rudi, mpaka kichwa kinamzunguka. Siku moja aliruka aya nzima bila kujua. Mumewe akamnunulia kioo cha pili, cha mtumba lakini kizima. Sasa alisoma kushoto, akaandika kulia. Raha iliyoje!

Juzi alipewa kazi nyeti: maelezo ya kipimo cha dawa ya homa ya watoto. Zahanati iliyataka kesho yake kabla ya saa sita mchana, iyachape na kuwagawia akina mama. Alimaliza jioni, akahifadhi, akazima kompyuta. Akalala roho kwatu.

Asubuhi akafungua faili. Hola. Akabofya tena, kimya. Alama ya faili ilionekana chini kwenye kioo cha kushoto, lakini ukurasa wenyewe haukutokea.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anakunja nguo. Akauliza kuna nini. Alipoambiwa, sauti yake ikawa ndogo.

"Kile kioo cha kulia nilikizima mimi usiku. Kale kataa kake kalikuwa kanawaka, nikaona kinakula umeme bure. Nikakifunika kitambaa kisiingie vumbi. Ndiyo nimekuharibia, mwanangu?"

Mfasiri alikiona kile kitambaa tangu alipokaa, wala hakukigusa. Alidhani kioo kimoja kikizimwa, kila kitu kinahamia kwa mwenzake. Akajibu hapana, mama, hujaharibu. Lakini moyoni hakuwa na hakika, na mama mkwe aliliona hilo. Alikunja shati lile lile mara mbili.

Wakamwita shemeji wa nyumba ya pili. Huyu hushinda kazini mbele ya vioo vitatu, katika chumba cha habari. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akimtania mfasiri kwamba shemeji zake humkumbuka wakiwa na shida tu. Alipoona sura yake, akaacha utani. Akauliza ukurasa ulikuwa upande gani alipoufunga. Kulia, akajibu. Shemeji akaondoa kitambaa, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Ukurasa huo hapo, haukupungua hata nukta.

Mfasiri alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Mbona ukurasa umefunguka huko, na kioo kilikuwa kimezimwa?" aliuliza.

"Ulizimika mwanga wake tu," shemeji akasema. "Waya bado umechomekwa, kwa hiyo kompyuta inaona ina vioo viwili. Inafungua ukurasa pale pale ulipouacha. Haijui kama hukioni."

Akamwonyesha la kufanya siku kioo cha pili kikigoma. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, bonyeza herufi P, chagua kioo cha kompyuta peke yake, yaani kile cha kwanza. Kurasa zote zitarudi hapo. Ukitaka vioo viwili tena, chagua kupanua. Ukichagua kunakili, vyote vitaonyesha kitu kimoja, na hapo hujapata nafasi yoyote.

Halafu akafungua mipangilio ya kioo. Vilitokea visanduku viwili vyenye namba. Akamweleza avivute vikae kama vioo vilivyokaa mezani. La sivyo, mshale wa kipanya utatokea upande usioutarajia. Mwisho akainua kioo cha kulia kwa ubao, vikalingana urefu, shingo isije ikauma.

Mama mkwe alikuwa amesogea bila watu kumwona. Akauliza kama na yeye anaweza kujaribu. Mfasiri akampa kiti chake na kumwekea mkono kwenye kipanya. Mama mkwe akausukuma mshale polepole. Ukafika ukingoni mwa kioo cha kushoto, ukatokea kulia. Akacheka, akaurudisha.

"Kumbe kwenye ukingo haupotei," alisema.

"Haupotei, mama. Na kazi yangu haikupotea. Hukuharibu kitu."

Safari hii alisema kwa moyo wote, na mama mkwe akamwamini. Mfasiri aliisoma kazi mara ya mwisho, kushoto na kulia, akaituma zahanati. Muda si muda jibu likaja: imefika, tunachapa sasa hivi. Akaegemea kiti, akafumba macho. Hapo ndipo aliposikia njaa, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na mama mkwe alikuwa ameshakwenda jikoni kumwandalia chakula.